Hita ya maji kwa nyumba ya watu sita Njombe: shawa ya umeme, boila, sola au gesi?

Mama Parachichi
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Tulihamia nyumba yetu mpya mjini Njombe mwezi wa tatu, na baridi ya Juni imetukuta bado tunachemsha maji kwa sufuria. Tuko sita, wanne kati yetu ni wanafunzi, na wote huoga kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na robo asubuhi. Simtanki la lita 1,000 liko juu ya mnara wa mita tatu na nusu, na umeme ni wa fezi moja. Nimetajiwa vitu vinne: shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, boila (tangi la umeme linalopasha maji na kuyatunza) la lita 50, sola ya lita 200 na hita ya gesi, na kila muuzaji anasifia cha kwake. Ninaomba anayeishi na kimojawapo aniambie kama angekinunua tena.

FundiWaya
Dada, kabla hujauliza bei ya hita, fungua boksi la umeme uangalie unene wa waya unaokwenda bafuni. Shawa ya kilowati 5.5 hunyonya karibu ampea 24, kwa hiyo inadai njia yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya usiopungua milimita za mraba 4 (mimi hupendelea 6), sakiti breka inayolingana na waya huo, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyopimwa, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja ambako aliyenitangulia alikuwa amevuta waya wa 2.5 kutoka kwenye soketi ya korido. Nilipotoa kifuniko nilikuta kiunganishi cha plastiki kimeyeyuka na kutiririka ukutani kama nta ya mshumaa, ilhali wenye nyumba walikuwa wakilalamika tu kwamba maji yamepungua moto.

Halafu kuna suala la baridi yenyewe. Tuseme maji yenu ya asubuhi yana nyuzi 14: yakipita lita nne kwa dakika, shawa ya kilowati 5.5 itayaongezea nyuzi 20 hivi, na ile ya kilowati 3.5 itaongeza 12 au 13 tu. Umeme ukishuka hadi volti 180, nguvu hiyo hupungua kwa zaidi ya theluthi, na mwenye kuoga ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.

Tegeta77
Mimi niko Dar es Salaam na shawa ya umeme inanitosha kabisa, kwa sababu maji ya huku hayana baridi ya kutisha. Tatizo letu ni visima vya chumvi: koili (kipande kinachopasha maji) iliyo wazi ndani ya maji ya chumvi inaweza kukupiga shoti ndogondogo unaposhika bomba, kwa hiyo mwenye kisima achague ile yenye koili iliyofunikwa.

Mzee wa Kibena
Mwanangu, mimi nina sola ya mirija ya kioo. Zamani tulipasha maji kwa pipa la lita 200 lililolazwa juu ya matofali, moto wa kuni chini yake, na sitadanganya, maji yake yalikuwa mazuri kuliko ya mashine yoyote. Ila kuna mtu aliyelazimika kuamka saa tisa kuchochea, naye alikuwa mimi.

Sola haina mtu wa kuamka, lakini hupasha maji mchana, nawe unayataka alfajiri. Siku ya jua huwa bado ni moto mpaka asubuhi. Siku mbili za ukungu mfululizo, na huku unazijua, ni ya uvuguvugu, hivyo usinunue isiyo na koili ya umeme ya akiba. Paneli zielekee kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Tena usiruhusu kujaza maji mchana mirija ikiwa mikavu: fundi wangu alifungua maji saa saba, mirija mitatu ikapasuka kwa mlio kama wa risasi, nami nikailipia.

Jambo kubwa zaidi ni hili: maji hushuka yenyewe kutoka kwenye simtanki, kwa hiyo simtanki lazima liwe juu kuliko tangi la sola. Je, paa lako lina urefu gani?

Binti Usangu
Nami nina hita ya gesi. Haijali umeme kukatika, lakini hudai msukumo wa maji ndipo iwake, na kwa mnara wa mita tatu na nusu nyingi zitakusumbua. Mimi ilinibidi kuongeza pampu. Isifungwe kamwe ndani ya bafu, kwa kuwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Yangu iko ukutani nje, chini ya kipaa.

Mama Parachichi
Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimepima: sehemu ya paa inayofaa iko mita nne na nusu, kwa hiyo sola itasubiri hadi nijenge mnara mwingine. Waya wa bafuni ni wa 2.5, una njia yake peke yake. Je, boila la lita 50 litatutosha?

FundiWaya
Kwa shida. Lita 50 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya baridi hutoa lita 90 na kitu za kuogea, yaani kila mmoja lita 15, na wa mwisho atanung'unika. Chukua la lita 80 lenye koili ya kilowati 2: hunyonya ampea 9 hivi, waya wako unalimudu, na swichi ya saa ikiliwasha saa tisa usiku litakuwa tayari kabla ya wanafunzi kuamka. Kujaza joto hilo ni uniti 4.3, kama shilingi 1,500 za LUKU. Shawa ya 5.5 kwa watu sita, dakika nane kila mmoja, ingekula uniti 4.4, kwa hiyo tofauti haiko kwenye umeme. Iko kwenye kubadili waya na kwenye foleni. Mtiririko hautakuwa na kishindo, kwa sababu ya urefu wa mnara.

Mama Parachichi
Nimelinunua la lita 80. Fundi bomba anasema valvu ya usalama ikidondosha maji aizibe kwa plagi. Ni sahihi?

FundiWaya
Asiizibe hata kidogo! Maji yakipata moto hutanuka, na matone hayo ndiyo njia yake ya kutokea. Ayaunganishie kibomba kinachoteremka hadi kwenye mtaro. Siku ya kwanza jazeni boila kwanza, mfungue bomba la maji ya moto mpaka yatoke bila kukohoa hewa, ndipo mwashe breka.