Je, tuwe na setilaiti zetu za kuongoza njia?

Mvuvi, Kibirizi:
Ndugu zangu, naleta hoja: nchi yetu, au Afrika Mashariki kwa pamoja, ijenge mfumo wake wa setilaiti za kuongoza njia. Hata ukichukua miaka 30, tuanze.

Giza la mwezi likiingia, boti za dagaa zinatoka hapa Kibirizi, Kigoma. Mchana kukiwa kweupe unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Usiku kusi ikivuma huoni milima wala taa za mjini, unabaki na simu na ile nukta inayokuonyesha ulipo. Nukta hiyo inatoka kwa jeshi la Marekani, ndilo linaloendesha GPS, mfumo wao wa setilaiti za kuongoza njia, na hadi Mei 2000 lilikuwa likiyachafua kwa makusudi mawimbi ya redio yanayotumiwa na raia. Ziwa hili la Tanganyika tunagawana nchi nne, na majini hakuna uzio. Wahindi husimulia kwamba katika vita vya Kargil na Pakistan, 1999, waliomba data za GPS wakanyimwa. Kati ya 2013 na 2016 wakarusha setilaiti saba za kwao, NavIC.

Mpima ardhi, Mwanga:
Kaka, hofu yako naielewa, ila umeruka pagumu. Setilaiti hizi ni saa zilizopandishwa angani. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi na kukokotoa yamesafiri muda gani. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umepotea mita 300! Wahindi hao hao, saa zote tatu za setilaiti yao ya kwanza ziligoma. Ulaya, pamoja na fedha zao, Julai 2019 mfumo wao, Galileo, ulizimika karibu wiki nzima. Na simu nyingi za siku hizi zinasoma mifumo minne: wa Marekani, Urusi, Ulaya na China. Mimi fedha hizo ningezipeleka kwenye vituo vya ardhini vya kusahihisha mawimbi, Kigoma na Tabora. Hapo mpimaji anapata vipimo vya sentimita, na ugomvi wa mipaka ya viwanja tunaumaliza kwa ushahidi.

Mvuvi, Kibirizi:
Dada, vituo nakubali, tena vianze kesho. Lakini umetaja mifumo minne, na hakuna hata mmoja ambao Mwafrika ana kauli. Wenyewe wakiyazima mawimbi, vituo vyako vitasahihisha nini? Nataka vijana wetu waijue kazi ya hizo saa kuanzia sasa. Walioko Ujiji na Katonga, usiku mkiwa majini na simu imezima, mnafuata nini?