Binti yangu anataka kusoma shairi mbele ya shule, nimkatalie?

BabaBusia: Wanajamvi, nahitaji ushauri kabla ya Ijumaa. Binti yangu wa miaka 15, yuko S.3 (kidato cha tatu) hapa Busia, Uganda. Mwalimu wa Kiswahili amempa nafasi asome shairi lake mbele ya shule nzima. Moyo umekataa kutulia.

KakaBoda: Kama ni la mapenzi mwache tu, mzee. Mimi S.2 nilitunga beti sita, nikajibiwa kwa rolex, ile chapati ya kuviringisha, ya mayai mawili!

BintiArua: Mzee, hujasema linahusu nini.

BabaBusia: Mambo ya nyumbani.

BintiArua: Yapi?

BabaBusia: Mama yake. Alifariki mwaka juzi. Nilipiga marufuku kumtaja, maana mtoto alikuwa hapati usingizi. Nilikuwa namlinda. Daftari nililikuta chini ya godoro, nimelifungia kwenye droo ya duka. Na mwalimu nimeshampigia kwamba hatasoma.

UstadhBombo: Daftari la mtoto ni amana. Mrudishie leo, umwombe radhi.

BintiArua: Baba yangu alifariki nikiwa bweni. Sikutoa chozi. Usiku niliandika kwa tochi, wiki nzima, kisha nikamsomea rafiki wa kitanda cha juu. Alishuka kimya akanishika mkono, ndipo nikalia. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, James Pennebaker, aliwaandikisha wanafunzi wa chuo machungu yao dakika 15 kwa siku, siku nne. Mwanzo walihuzunika, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache zaidi. Mimi hata hivyo kuandika peke yake hakukutosha. Nilihitaji sikio.

MpimaMizani: Hii imetungwa. Kiswahili kimekuwa lazima S.1 na S.2 kwa mtaala wa 2020, leo mtoto wa Busia anatunga shairi? Leta ubeti.

BabaBusia: Mama yake alikuwa wa Mombasa, Kiswahili ndicho cha nyumbani kwetu. Haya:

Sahani tatu mezani,
wawili tumo nyumbani,
mwenye ya tatu ni nani?
Baba mbona hunioni?

"Hunioni" amelikata mara mbili, akalirudisha.

MpimaMizani: Mizani (silabi) nane kila mstari. Nisamehe, mzee.

UstadhBombo: Na huo ubeti umemwomba ruhusa?

BabaBusia: Sikumwomba. Daftari nitamrudishia jioni. Ila kusoma mbele ya watu, bado sijakubali.

BintiArua: Basi akusomee wewe kwanza, mezani hapohapo.