Bunduki ya kwanza nusu-otomatiki: 10/22, AR ya .223 au Browning BAR?

Msafiri_wa_Bara:
Wakuu habari za jioni. Nataka kununua bunduki yangu ya kwanza, nusu-otomatiki (inajipakia yenyewe, unafyatua moja moja), ya kulenga shabaha na ya kuwindia. Nimezunguka madukani nimebaki na tatu: Ruger 10/22, AR-15 ya .223 na Browning BAR. Muuzaji anasema zote nzuri. Ipi haisumbui? Nataka moja tu, imalize kazi zote. Jumamosi naingia dukani.

FundiMtutu:
Mkuu, umeleta baiskeli, pikipiki na lori halafu unauliza kipi kizuri. 10/22 inapiga .22, risasi ya kindi na makopo. BAR inapiga .308 au .30-06, risasi ya kumlaza mnyama mkubwa. Weka hapa kwanza: uko jimbo gani hapa Marekani, unawinda mnyama gani, umbali gani, bajeti ikiwa na risasi na darubini ndani yake, na makaratasi yako ya ukaazi yakoje.

MamaKindi:
Jimbo ndilo la kwanza. Pennsylvania hawakuruhusu kumpiga kulungu kwa bunduki ya nusu-otomatiki, ni wanyama wadogo na wa manyoya tu. Huku Ohio, bunduki ndefu ya kulungu, kama si shotgani, lazima ipige risasi yenye ganda lililonyooka, kama .350 Legend au .450 Bushmaster, kwa hiyo hizo .223 na .308 msimu wa kulungu zinabaki kabatini. California tangu Julai 2019 hawataki kuwinda kwa risasi ya risasi. (Kiswahili nacho! Namaanisha madini ya risasi.) Huwezi kushauriwa kabla hujasema ulipo.

Msafiri_wa_Bara:
Samahani wadau. Texas, nje kidogo ya Houston. Bajeti dola 900 kila kitu. Nguruwe pori kwenye ranchi ya mfanyakazi mwenzangu, na kulungu Novemba. Umbali ni yadi 50 hadi 120. Makaratasi hayajakaa sawa, ila kuna jamaa yangu raia, atainunua yeye kwa jina lake halafu namrudishia hela.

FundiMtutu:
Hapo simama kabisa. Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, dukani inauliza waziwazi kama anayejaza ndiye mnunuzi halisi. Jamaa akijaza ndiyo huku hela ni yako, ni kosa la serikali kuu, hadi miaka 10 jela, na kama anayenunuliwa amekatazwa silaha, sheria ya 2022 imefikisha miaka 15. Kwa asiye raia, kesi ya silaha inaweza kuishia kwenye kufukuzwa nchini. Makaratasi yana nini hasa?

Msafiri_wa_Bara:
Grini kadi ninayo tangu Machi. Tatizo kitambulisho cha jimbo kina anwani ya zamani.

Bin_Makunduchi:
Sasa hilo nalo ni la kutafutia mtu wa kukununulia? Mwenye grini kadi ananunua mwenyewe. Unaandika namba ya kadi yako kwenye fomu, unaonyesha kitambulisho chenye anwani unayokaa sasa, wanakuhakiki, basi. Anwani ikiwa ya zamani, hati nyingine ya serikali yenye jina na anwani mpya, kama usajili wa gari, inaweza kutumika pamoja na kitambulisho. Ila badilisha tu, ni suala la siku chache. Wenye shida ni walioingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi: hao wanazuiwa mpaka wawe na kitu kama leseni halali ya kuwinda.

Na kama umezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye, Texas inataka kozi ya elimu ya uwindaji. Wenye miaka 17 kwenda juu wanaifanya mtandaoni. Nguruwe pori kwenye ardhi binafsi tangu 2019 hahitaji leseni ukiwa na ruhusa ya mwenye shamba. Kulungu anahitaji.

KopoLaMaziwa:
Mimi 10/22 bila kupepesa macho. Ipo sokoni tangu 1964, vipuri kila kona, dola 300 na ushee. Risasi ya .22 ni kama senti 10, ya .223 ni senti 50 hivi. Kwa hela ya kupiga .223 mia mbili unapiga .22 elfu moja, na shabaha haijengwi kwa kutazama video.

Ila uijue tabia yake. Magazini ya mzunguko inabeba 10, na zikiisha bolti (chuma kinachokwenda mbele na nyuma kupakia risasi) haibaki wazi. Inajifunga juu ya chemba tupu (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), ukifyatua inasema "tik". Kwa hiyo usihesabu kichwani. Toa magazini, vuta bolti nyuma, ifungie hapo, tazama chemba kwa jicho kisha ingiza ncha ya kidole. Nyuma ya risiva (mwili wa bunduki unaobeba bolti) kwa kawaida hamna tundu, ufito wa kusafishia unaingilia mdomoni mwa mtutu, na ukiusugua ovyo unakula ule ukingo ambao ndio unaoiaga risasi. Tumia kamba ya kuvuta kutokea kwenye chemba.

MamaKindi:
Naunga mkono, na niongeze la risasi, maana lawama nyingi za "bunduki inakwama" kwenye .22 ni za risasi. Zile za mwendo wa chini ya sauti mara nyingi hazina nguvu ya kuirudisha bolti hadi mwisho, ganda linabanwa limesimama kama bomba la jiko. Anza na CCI Mini-Mag ya greni 40 (kipimo cha uzito wa risasi), hiyo inasukuma vizuri. Halafu nunua aina nne au tano, boksi moja moja, piga 10 za kila aina kwenye yadi 50 ukiwa umeegemea mfuko wa mchanga. Mtutu wenyewe utachagua. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti.

Darubini nunua ya .22 iliyopangwa yadi 50. Ya bunduki kubwa hupangwa yadi 100 au zaidi, ukisogeza jicho kidogo alama inahama. Kliki moja ya kurekebisha darubini, ya robo dakika ya pembe, kwenye yadi 50 inasogeza moja ya nane ya inchi, kwa hiyo risasi ikienda inchi moja kushoto, kliki 8 kulia. Watu wanazungusha mbili, wanashangaa hakuna mabadiliko.

Ranchi_Kusini:
Ninyi mnamfundisha kupiga makopo, yeye kasema kulungu. Texas kulungu HAPIGWI kwa .22, risasi za kugongwa ukingoni mwa ganda, kama .22, zimekatazwa kwake. Nguruwe sheria haikatazi, lakini nguruwe wa ratili 150 kwa .22 ni kumtesa. Kwa hiyo ile "moja imalize zote" 10/22 haiwezi. BAR ni bunduki ya heshima ila inazidi dola 1,200 bila darubini, imetoka. Inabaki AR ya .223: 600 hadi 700, darubini 150, chenji ya risasi.

Mtutuni asome maandishi. Yakisema 5.56 (pacha wa kijeshi wa .223), inakula 5.56 na .223. Yakisema .223 peke yake, 5.56 asiweke, presha inapanda. Msokoto wa ndani ya mtutu wa 1:8 (mzunguko mmoja kila inchi 8) unabeba risasi nyepesi na nzito. Na asiwahi kuchanganya magazini na za .300 Blackout, risasi nene zaidi: inaingia kwenye magazini ileile, inaweza kukaa hata kwenye chemba ya .223, na ukifyatua bunduki inapasuka usoni.

Bin_Makunduchi:
.223 kwa kulungu? Ndogo hiyo.

Ranchi_Kusini:
Texas inaruhusu, na kulungu wa huku si wa Kanada. Tatizo watu wanapiga kwa risasi za shabaha zenye koti zima, zinatoboa na kupita. Tumia ya kuwindia, ncha laini iliyounganishwa ya greni 60 au 62, au ya shaba tupu, chini ya yadi 150, nyuma ya bega, akiwa ubavu.

Bin_Makunduchi:
Na akikaa mshazari? Mtu wa mara ya kwanza, mapigo ya moyo juu, atasubiri ageuke? .308 inasamehe.

Ranchi_Kusini:
.308 kwa teke lake inamfundisha kufumba macho kabla ya kufyatua. Hiyo ndiyo inayojeruhi wanyama.

KimyaKimya:
Wote mmepotea. Ya kwanza iwe ya kukoki kwa mkono. Ruger American au Savage Axis, .308 au 6.5 Creedmoor, dola 400 hadi 550. Hamna gesi ya risasi ya kusukuma bolti, hamna springi ya kuirudisha, na kila risasi unaifikiria.

Ranchi_Kusini:
Kasema nusu-otomatiki, mzee.

KimyaKimya:
Alisema pia jamaa amnunulie kwa jina lake. Si kila anachosema mtu ndicho anachohitaji.

FundiMtutu:
Kwa kuwa AR imetajwa, acha nieleze moja iliyosumbua, maana ndiyo inayowapata wanunuzi wa kwanza wakinunua ya mkononi. Kampuni siitaji. Tangazo lilisema "haijapigwa hata mia". Uwanjani: risasi moja inatoka, ganda linadondoka kivivu karibu na kiatu, bolti inarudi mbele bila kubeba nyingine. Mwenye nayo akanunua magazini tatu mpya. Vilevile. Akabadilisha risasi aina mbili. Vilevile. Akaambiwa springi, akanunua springi. Hapo keshatupa zaidi ya dola 100.

Kipimo kilikuwa bure. Unaweka risasi moja tu kwenye magazini, unapiga. Bolti ikibaki wazi nyuma, gesi inatosha, tafuta tatizo kwenye magazini. Isipobaki wazi, haifiki mwisho, gesi inavuja au kuna msuguano. Ile haikubaki wazi. Bunduki ikawekwa tupu, kibeba bolti kikatolewa. Juu yake kuna kipande cha bomba kinachopokea gesi, kimeshikwa na skrubu mbili. Kiwandani skrubu hizo hugongwa ukingoni kwa patasi ili zisilegee. Zile hazikuguswa. Ukikishika kwa vidole kinacheza, na chini yake masizi meusi yanaonyesha gesi inakotorokea. Kikafunguliwa, kikasafishwa, skrubu mpya, zikakazwa kwa spana ya kipimo, zikagongwa. Risasi 60 mfululizo bila kukwama.

Kwa hiyo ukienda dukani, mwombe akitoe kibeba bolti ukitazame. Na pete za gesi, zile ndogo za kuizuia gesi kwenye bolti: vuta bolti mbele, simamisha kibeba kichwa chini juu ya bolti yake. Kikishuka chenyewe kwa uzito wake, pete zimechoka.

KopoLaMaziwa:
Umesahau mafuta. Nusu ya "gesi inavuja" ni bunduki kavu kama mhogo wa juzi.

FundiMtutu:
Sikusahau. Tone kwenye pete, tone kwenye pini ya kugeuzia bolti, mstari mwembamba kwenye reli za kibeba. Kwenye chemba hapana, iwe kavu.

MamaKindi:
Na kwa wote, .22 au .223: ukifyatua ikagoma, mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu sekunde 30 ndipo uvute bolti. Ukisikia "puf" badala ya mlio, acha kabisa, toa magazini, pitisha ufito mtutuni. Risasi ikiwa imekwama humo, inayofuata inapasua mtutu.

Mwana_wa_Voi:
Nauliza tu, ukirudi nyumbani unaenda nayo? Kenya uwindaji ulifungwa 1977, itakuwa ya kupamba ukuta.

KimyaKimya:
Na ukuta wenyewe utaulizwa kibali. Hiyo fungulia uzi wake.

Ranchi_Kusini:
Nguruwe mkichuna, vaeni glavu. Hubeba brusela, ugonjwa wa bakteria, inaingia kwenye mkato mdogo tu wa kidole. Nyama ifike nyuzi 160 za Fahrenheit katikati.

Bin_Makunduchi:
Nguruwe mimi simo. Kulungu akipatikana niitwe, ila mpigaji ataje jina la Mungu wakati wa kufyatua, na akimkuta bado hai amchinje.

Mwana_wa_Voi:
Akikuta keshakufa je?

Bin_Makunduchi:
Uwindaji una hukumu yake, muulize sheikh, usiniulize mimi kwenye uzi wa bunduki.

Msafiri_wa_Bara:
Nimesoma zote. Nafikiria 10/22 sasa hivi na darubini ya yadi 50, nipige mpaka Septemba leseni mpya zikianza kutumika, halafu Novemba niazime ya mwenye ranchi kwa kulungu. Au nichukue AR moja kwa moja nivumilie bei ya risasi?

Ranchi_Kusini:
AR.

KopoLaMaziwa:
10/22, na masikio ya kuvaa juu ya plagi za sikio.

KimyaKimya:
Ya kukoki.

FundiMtutu:
Anwani umeshabadilisha?