Msaada: majina ya mwanzo ya filamu fupi ya taharuki (dakika 12, Mwanza)

kijana_wa_mwaloni

Wakuu habari zenu. Tuko watano, mwaka wa pili. Kazi ya muhula ni filamu fupi ya taharuki ya dakika 12 pamoja na andiko: tuchambue majina ya mwanzo (yale ya waigizaji na watengenezaji yanayotokea filamu ikianza) ya filamu mbili, kisha tuonyeshe uchambuzi huo umeongoza vipi mpango wetu.

Hadithi yetu: karani mpya wa mzani pale mwaloni Kirumba (soko la samaki la ufukweni) anagundua kuwa daftari la uzito wa dagaa lina kurasa zilizochezewa, na karani aliyemtangulia hajulikani alipo.

Mpango wa sasa: sekunde 90, kadi 14 za majina, droni juu ya Jiwe la Bismarck jua likizama, herufi nyembamba nyekundu, na chini yake wimbo wa Bongo Fleva wa huzuni. Vifaa ni simu mbili, stendi, kinasa sauti kidogo na laptop yenye RAM ya GB 8. Mwalimu ameandika pembeni: "Majina yenu hayasemi chochote." Tunaanzia wapi kurekebisha?

MezaYaUhariri

Mwalimu wako yuko sahihi, mdogo wangu. Jiwe la Bismarck jua likizama linasema "karibu Mwanza". Halisemi kuna mtu amepotea.

Anzeni na uchambuzi, ndio utakaowapa mpango. Chora jedwali la safu tano: muda; picha; maandishi na mahali yalipo kwenye fremu; sauti; na safu ya mwisho, ambayo ndiyo yenye alama nyingi: mtazamaji anajua nini sasa ambacho hakukijua sekunde tano zilizopita? Tazama mara ya kwanza ukiwa umezima sauti. Mara ya pili geuza skrini usikilize tu. Mara ya tatu vyote pamoja. Hesabu shoti, gawanya sekunde kwa idadi yake upate wastani, halafu uandike kasi inabadilika wapi, maana wastani peke yake unaficha mambo. Maneno kama "inatisha" au "inavutia" yafute yote. Andika kinachofanya itishe.

Kwa filamu mbili, chagueni zinazofanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Psycho (1960), majina yamebuniwa na Saul Bass: hakuna mtu wala mahali. Mistari inakimbia kwa mlalo na kwa wima, majina yanakuja yakiwa yamekatwa vipande, yanaungana muda mfupi, yanachanika tena. Muziki wa Bernard Herrmann ni wa ala za nyuzi tupu. Filamu inahusu nafsi iliyogawanyika, na umbo la herufi limeshasema hivyo kabla hujamwona mhusika hata mmoja. Angalia pia kinachofuata: jina la mji, tarehe na saa vinaandikwa juu ya picha ya mji mchana kweupe, kama ripoti. Wanafunzi wengi huacha kuchambua hapo, na maandishi bado yako kazini.

Ya pili Se7en (1995), kazi ya Kyle Cooper. Majina hayaanzi na fremu ya kwanza. Kuna onyesho kabla yake. Kisha unaona mikono inashona na kujaza madaftari, inakwangua ngozi ya ncha za vidole kwa wembe. Baadhi ya maandishi yamechorwa kwa mkono, yanarukaruka. Muuaji uso wake hauonekani hadi filamu imekwenda mbali sana, kwa hiyo majina ndiyo onyesho lake la kwanza. Hapo ndipo pa kujifunzia: yale majina yanabeba habari ambayo hakuna onyesho lingine linaibeba.

Ninyi mna daftari, basi mko upande wa filamu hii ya pili. Ila msiige wembe, tafadhali. Kila mwaka kuna wembe, mkasi na picha za watu zilizotobolewa macho. Mwaloni una vitu vyake: mawe ya mzani, kalamu iliyofungwa kwa kamba, magamba yaliyokaukia kwenye karatasi. Na mna tendo moja dogo ambalo kamera inalielewa bila maelezo: mkono unageuza tarakimu 3 kuwa 8. Kilo 38 zinakuwa 88. Jengeni kila kitu kuzunguka hilo.

Kuhusu urefu: sekunde 90 katika dakika 12 ni sehemu moja ya nane ya filamu. Nyingi mno. Kaeni kwenye 50. Kadi 14 zishuke hadi 7: kikundi chenu, mwigizaji mkuu, mwigizaji wa pili, sauti na muziki, picha na uhariri, mwandishi na mwongozaji, kisha jina la filamu. Wengine wote waende mwishoni.

DadaKibali

Mawili ya haraka. Droni Tanzania hairushwi hivihivi: inasajiliwa na kuombewa kibali TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), na kuna kibali cha upande wa ulinzi. Kwa ratiba ya muhula mmoja, ifuteni. Wimbo wa Bongo Fleva nao una wenyewe. Kumtaja msanii mwishoni si ruhusa. Mkitaka kupeleka filamu kwenye tamasha lolote baadaye, ZIFF (la filamu Zanzibar) au kwingine, mtaulizwa haki za muziki. Na kabla ya kufungua kamera mwaloni, nendeni na barua ya chuo kwa uongozi wa soko.

HerufiNaNafasi

Nashika upande wa herufi. Nyekundu nyembamba juu ya nyeusi ni chaguo baya kwa sababu ya kiufundi, si ladha. Video za simu na faili nyingi za mwisho huhifadhi rangi kwa nusu ya pikseli kwa upana na nusu kwa urefu, wakati mwangaza unahifadhiwa kamili. Nyekundu juu ya nyeusi haina tofauti kubwa ya mwangaza, kwa hiyo kingo za herufi zinategemea rangi, na rangi ndiyo iliyopunguzwa. Matokeo: kingo zinavuja. Tumieni nyeupe iliyopoa kidogo, kama 225 kati ya 255. Nyekundu ibaki kwenye wino wa daftari.

Unene: mstari wowote wa herufi chini ya pikseli 3 kwenye fremu ya 1920 kwa 1080 utapotea faili likibanwa au projekta ikiwa ya zamani. Herufi kubwa za jina zisipungue urefu wa pikseli 45, na cheo kiwe kama asilimia 60 ya hapo. Maandishi yote yakae ndani ya asilimia 80 ya fremu: pikseli 192 kutoka kila ubavu, 108 kutoka juu na chini. Viwango vya siku hizi vinaruhusu kusogea nje zaidi, lakini projekta za madarasani zinakata kingo bila kuomba radhi.

Kwa Mwanza kuna jambo ambalo fonti za bure hazikulifikiria: majina yenye ng'. Alama ile iwe iliyopinda, siyo kijiti kilichosimama wima. Fonti nyingine haina kabisa iliyopinda, na programu inaazima kutoka fonti tofauti, utaona unene haulingani. Halafu mkipanua nafasi kati ya herufi kubwa, kama watu wa taharuki wanavyopenda, alama inabaki imening'inia katikati ya pengo, N G ' W. Punguzeni nafasi pande zake mbili kwa mkono, kadi kwa kadi. Kabla ya kuchagua fonti, ijaribuni kwa jina gumu kuliko yote mliyonayo.

Kuhusu kuandika majina kama mistari ya daftari kwa mwandiko wa mkono: wazo litawajia tu, na ni zuri nusu. Mwandiko unasomeka polepole. Jina la filamu peke yake liwe la mkono. Majina ya watu yawe ya fonti safi. Na orodha ya majina kila mtu aisome na kuisaini kabla haijaingia kwenye programu.

Jambo la storibodi (michoro ya kila shoti kabla ya kupiga picha): chora mstatili wa maandishi ndani ya kila kisanduku, siyo pembeni. Siku ya kupiga picha, chukueni nailoni ngumu inayoonyesha, chorani mstatili huohuo kwa kalamu ya wino mzito, mbandike juu ya skrini ya simu. Mpiga picha ataona pale pa kuacha tupu. Bila hivyo jina litakaa juu ya vidole vinavyoandika, na mtazamaji atachagua kimoja.

KinasaSauti

Mkipiga fremu 25 kwa sekunde, tungeni mapigo 75 kwa dakika. Pigo moja linakuwa sekunde 0.8, yaani fremu 20 kamili. Mapigo manne ni fremu 80, sekunde 3.2, muda unaotosha kusoma jina na cheo kwa utulivu. Hamtahangaika na nusu fremu popote.

Mizunguko 16 ya mapigo manne ni sekunde 51.2. Ningegawa hivi: miwili ya kwanza bila maandishi, giza na sauti ya mzani tu. Wa 3 kikundi, wa 5 mwigizaji mkuu, wa 7 mwigizaji wa pili. Wa 8 na wa 9 hakuna maandishi kabisa: hapo ndipo 3 inageuka 8, kuanzia sekunde ya 22 hivi hadi ya 28. Wa 10 sauti na muziki, wa 12 picha na uhariri, wa 14 mwongozaji, 15 na 16 jina la filamu. Nusu ya muda ina maandishi, nusu haina.

Lakini msiangushe kila kadi juu ya pigo la kwanza. Baada ya kadi ya tatu mtazamaji ameshajua mchezo, na taharuki imekwisha. Kadi moja au mbili ziingie fremu 10 baada ya pigo. Kuibuka na kufifia kwa kadi kuwe fremu 8 hadi 10 kila upande. Zaidi ya hapo muda wa kusoma unaliwa.

Muziki si lazima uwe muziki. Rekodini mnyororo wa mzani, karatasi ikifunuliwa, kalamu kwenye karatasi iliyowekwa juu ya ubao (juu ya kitambaa haitoi sauti), mawimbi kwenye ubavu wa mtumbwi. Ya ziwani rekodini alfajiri. Mchana upepo wa kutoka ziwani unapanda na kuingia kwenye kinasa, na hakuna kichujio kitakachouondoa vizuri. Kila sehemu chukueni dakika nzima ya sauti tupu ya mahali, watu wanyamaze.

kijana_wa_mwaloni

Asanteni sana wakuu. Droni na wimbo vimeondoka. Mwenzetu mmoja anapinga shoti ya 3 kuwa 8: anasema ikionekana mwanzoni, karani akija kugundua dakika ya nne mtazamaji hatashtuka. Pia tunataka fremu za kwanza ziwe taa za wavuvi wa dagaa usiku. Simu itaweza?

MezaYaUhariri

Mwenzenu ana hoja, ila anachagua mshtuko na kuiacha taharuki. Hitchcock alilieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka ghafla unapata mshtuko wa sekunde chache, mtazamaji akiliona mapema na walioketi hawajui, unapata dakika nzima za wasiwasi kwenye mazungumzo ya kawaida kabisa. Mkionyesha mkono mwanzoni, kila karani anapoliweka daftari mezani mtazamaji anataka kumpigia kelele. Kinachofichwa ni mwenye mkono. Kwa hiyo hakuna pete, saa wala kovu kwenye shoti ile, isipokuwa mmeamua kwa makusudi kirudi baadaye. Mkiweka pete na isirudi, mmedanganya.

TaaYaZiwa

Simu itaweza kwa masharti. Kwanza kalenda: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa nguvu na mitumbwi mingi inabaki ufukweni, kwa hiyo ratiba ifuate mwezi mwandamo.

Pigeni mkiwa nchi kavu, kwenye miamba, simu kwenye stendi. Kutoka ndani ya mtumbwi taa zitakuwa michirizi tu. Fungeni fokasi, mwanga na rangi kwa mkono. Mkiacha simu ijiamulie, gizani itatafuta fokasi mbele na nyuma katikati ya shoti, na kila taa ikiingia anga itabadilika. Fremu 25, shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na shata hiyo inazuia taa za barabarani kucheza. ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ishushwe hadi maji yawe meusi. Taa ndiyo habari, maji hayahitaji kuonekana.

Kwa shoti za daftari, taa ya LED yenye kitufe cha kupunguza mwanga huleta mistari inayotambaa kwenye picha. Punguzeni kwa kuisogeza mbali au kuifunika kitambaa cheupe.

Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na kasi thabiti hata ukichagua 25. Pitisheni kila faili kwenye HandBrake (programu ya bure ya kubadili video), mchague kasi isiyobadilika ya 25, kabla ya kuhariri. Msipofanya hivyo sauti itaanza kuachana na picha, na hesabu yote ya KinasaSauti itavurugika. Giza laini nalo hutoa ngazi-ngazi badala ya mteremko. Wekeni chembechembe kidogo juu ya picha kabla ya kutoa faili.

kijana_wa_mwaloni

Nimeelewa. Programu gani kwa RAM ya GB 8?

HerufiNaNafasi

DaVinci Resolve ya bure ina zana nzuri za maandishi lakini kwa GB 8 itawakwamisha. Kdenlive, nayo ni ya bure ya kuhariri, inatosha kwa kadi saba. Tengenezeni kadi kama faili za picha za PNG zenye mandhari ya nyuma isiyoziba video, mziingize kama picha, kompyuta itapumua.

Faili la mwisho H.264, 1920 kwa 1080, fremu 25, Mbps 20 (megabiti kwa sekunde). Dakika 12 zitafika kama GB 1.8, kwa hiyo hata flashi ya FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4, italibeba. Lijaribuni kwenye projekta ya darasani mapazia yakiwa yalivyo siku ya kawaida; mkono ukipotea gizani, pandisheni mwanga wa shoti hiyo peke yake, msiguse nyingine.