GCC inalalamikia snprintf kwenye draiva: niongeze bafa au nizime onyo?

pointa_tupu
Wakuu, naomba ushauri. Draiva ya Linux, nikijenga kwa `make W=1` (inayowasha maonyo ya ziada) GCC, yaani kompaila ya C, inatoa onyo hapa:

`char jina[16];`
`snprintf(jina, sizeof(jina), "kihisi-%d", id);`

Inadai `%d` inaweza kuandika baiti 1 hadi 11 wakati zimebaki 9. Vihisi havizidi 8. Jina hilo nalipitisha kwenye `request_irq()`, inayosajili interrupt ya kifaa.

nukta_mkato
Usizime, hesabu yake ni sahihi. "kihisi-" ni herufi 7, `int` ndefu kuliko zote ni -2147483648, yaani herufi 11, na NUL ya mwisho (sifuri inayofunga maandishi) baiti 1. Jumla 19. Unajua wewe kwamba havizidi 8, kompaila haijui. Fanya `id` iwe `u8` (namba ya biti 8 isiyo na hasi) na utumie `%u`: tarakimu haziwezi kuzidi 3, jumla 11. Au weka mpaka kwenye fanksheni hiyohiyo, juu ya `snprintf()`:

`if (id < 0 || id > 7) return -EINVAL;`

Ukiuweka fanksheni nyingine, huenda kompaila isiuone na onyo likabaki.

biti_ya_saba
Mkuu, hiyo `jina[]` iko kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni)? Kama ndiyo, onyo ndilo tatizo dogo. `request_irq()` hainakili jina, inatunza pointa (anwani yake) tu. `probe()`, fanksheni inayoanzisha kifaa, ikisharudi, `/proc/interrupts` itasoma takataka. Tumia `devm_kasprintf(dev, GFP_KERNEL, "kihisi-%d", id)`, ikirudisha NULL toka na `-ENOMEM`. Habari ya ukubwa wa bafa inaishia hapo.

pointa_tupu
Iko kwenye staki, asante. Nimeshauriwa pia niweke `scnprintf()`. Na `strncpy()` nazo zinaleta onyo la `-Wstringop-truncation`.

nukta_mkato
`scnprintf()` inanyamazisha tu: GCC haiifahamu kama inavyoifahamu `snprintf()`, kwa hiyo jina linakatwa bila mtu kuambiwa. `strncpy()` weka `strscpy()`. Inafunga kwa NUL siku zote, na ikikata inarudisha `-E2BIG`, basi ikague. Data ikienda kwa programu za mtumiaji, tumia `strscpy_pad()`, inayojaza sifuri nafasi iliyobaki, la sivyo mabaki ya kumbukumbu ya keneli yanavuja nayo. `strlcpy()` isahau, iliondolewa toleo la 6.8.

biti_ya_saba
Ila kama ni sehemu ya fimweya yenye urefu maalumu isiyotaka NUL, usiweke `strscpy()`, itakula baiti ya mwisho. Hapo ni `strtomem_pad()`, na sehemu yenyewe uiwekee alama ya `__nonstring`, kompaila ijue kwamba haifungwi kwa NUL.