"Tafuta msaada", mnasema. Kwa bei gani hapa Nairobi?

Wenzangu, nina hasira na sitaificha. Kila ikifika Oktoba, mwezi wa Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunajaziwa mabango na video: wanaume wazungumze, si aibu kutafuta msaada, hauko peke yako. Haya. Mimi ni mwanamume na nataka kuzungumza. Aibu niliiweka kando tangu tulipomzika ndugu yangu na usingizi ukanihama. Kaunsela aliye tayari kunisikiliza anataka shilingi 3,500 kwa dakika hamsini, na alipwe kabla sijafungua mdomo.

Hiyo si bei ya mtu mmoja mwenye tamaa. Ndiyo niliyotajiwa tena na tena Kilimani na Hurlingham. Westlands ikapanda hadi 6,000. Na wote wanakubaliana kwamba kikao kimoja hakitoshi, uje kila wiki. Nawaamini. Lakini pigeni hesabu nami. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida hapa Nairobi, kilipopandishwa Novemba 2024, kilifika shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Vikao vinne ni 14,000. Mimi niko kiwandani Industrial Area, napata 19,000 kabla ya makato, na kodi ya chumba chetu mtaa wa Pipeline, Embakasi, ni 5,500. Hapo hatujala, mtoto hajaenda shule, na sijapanda matatu mbili kufika huko Kilimani.

Sina ugomvi na makaunsela kwa kulipisha. Wamesomea kazi yao na wanalipa kodi ya ofisi. Ugomvi wangu ni na wanaopanda jukwaani kutuambia tujitokeze, halafu tukijitokeza hakuna mlango.

Asilimia 2.75 ya mshahara wangu inakwenda SHA, bima ya afya ya serikali, kila mwezi. Kwangu ni shilingi 522 na senti hamsini, nikiugua nisiugue. Kliniki za ushauri nilizozipigia hazikutaka kusikia habari ya SHA. Ni M-Pesa, pesa taslimu, au bima ya kampuni. Bima ya kampuni wanayo watu wa ofisi za juu. Sisi wa kwenye mashine tunaandikishwa kwa miezi mitatu mitatu.

Hospitali ya umma ya upande wetu ina kaunsela, sikatai. Yuko siku za kazi tu, asubuhi mpaka alasiri, na ni huyohuyo anayewahudumia wanaoanza dawa za virusi vya UKIMWI, wasichana waliobakwa na akina mama waliopoteza watoto. Mama wa watu, nilipoingia nilimkuta amechoka kuliko mimi. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, ningekuwa na saa nzima ningekupa. Nina dakika kumi." Dakika kumi hizo zilinisaidia, na ndiyo maana nina hasira zaidi. Nilitaka kurudi wiki iliyofuata, lakini siku nisiyoingia zamu silipwi, na kila asubuhi kuna vijana langoni wanaongoja nafasi kama yangu.

Ukinung'unika hivyo unaambiwa: nenda mtandaoni, siku hizi ni rahisi. Anayesema hivyo hajawahi kuishi Pipeline. Ghorofa saba, nane, milango inatazamana kwenye korido nyembamba, jirani akikohoa unajua ni nani. Chumba ni kimoja, mke na mtoto wako humo. Nizungumzie wapi mambo ambayo hata mke wangu sijamwambia? Kwenye choo cha pamoja? Nililipa 2,000 ya kikao cha simu, nikapanda juu ya paa tunakoanika nguo kwa sababu ndiko nilikodhani kuna utulivu. Pampu ya maji inanguruma, watoto wanakimbizana kati ya kamba. Kaunsela ananiuliza nilijisikiaje siku ile nilipopata habari za ndugu yangu, nami namjibu "sawa tu", kwa kuwa Mama Brayo wa ghorofa ya nne anaanua shuka hatua mbili kutoka niliposimama. Baadaye mtandao ukakatika. Niliporudi hewani dakika zilikuwa zimeendelea kuhesabiwa. Kaunsela hakuwa na kosa, ana mteja mwingine saa kamili. Lakini msiniambie hiyo ndiyo njia ya mtu wa kipato cha chini. Hiyo ni njia ya mtu mwenye chumba cha kufunga mlango.

Na mbona bei zinafichwa? Ukurasa una picha za mimea na viti vizuri, una maneno matamu, bei hakuna. Unajaza fomu, unaeleza uchungu wako kwa mtu usiyemjua, ndipo unatumiwa ujumbe wa bei na namba ya kulipia. Mtu aliye na nguvu kidogo za siku anazimaliza hapo. Andikeni bei. Hata kama ni kubwa, iandikeni, mtu ajue mapema asifungue moyo bure.

Kwa walio katika hali mbaya usiku huu, kabla sijaendelea: 1199 ya Msalaba Mwekundu ni namba ya bure na kuna mtu anayesikiliza. Befrienders Kenya nao wanasikiliza bila malipo. Pigeni. Nawashukuru kwa dhati. Lakini laini ya simu inakuvusha usiku mmoja. Mimi nasema habari ya mtu anayehitaji kuketi na mtu yuleyule wiki baada ya wiki mpaka jambo liishe.

Msidhani serikali haijui. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari imekuwapo tangu 1910, na mpaka leo watoto wa Nairobi wakitukanana wanatishana kupelekwa huko. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipochunguza mwaka 2017 alikuta huduma za afya ya akili katika hospitali 29 tu kati ya 284 za ngazi ya nne (za kaunti ndogo) kwenda juu. Mwaka 2020 jopo la serikali chini ya Daktari Frank Njenga likapendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Januari 2025 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ikasema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba. Huo wa mwisho ulinifurahisha sana, maana namjua mtu aliyetolewa wodini akapelekwa seli. Lakini baada ya ripoti na sheria na hukumu, nikiteremka pale steji ya Pipeline saa kumi na mbili jioni, naingia wapi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ya jambo hili imeshajaribiwa hapahapa. Dagoretti, si ng'ambo. Wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa njia ya Shirika la Afya Duniani ya vikao vitano, wakaketi na wanawake waliopitia ukatili, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yakaonyesha wale wanawake walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa mtaa waliofunzwa na kusimamiwa vizuri. Na mwaka 2023 serikali hiihii ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, na mikoba ya vifaa ikagawanywa. Wa kwetu anapima presha na sukari, anafanya kazi nzuri, anatujua kwa majina. Kwa nini hakufundishwa hivyo vikao vitano? Kwa nini kusiwe na chumba kimoja tu chenye mlango, kwenye zahanati ya kaunti, kinachofunguliwa jioni na Jumapili kwa ajili ya watu wa viwandani? Mjumbe wetu wa bunge la kaunti akiomba kura anapita Pipeline usiku na mchana. Nataka aulizwe hilo.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu mpaka sasa. Mnaoniambia niombe, naomba. Mchungaji wangu mwenyewe ndiye aliyeniambia nitafute kaunsela, kwa hiyo tuliache hilo. Mnaoniambia niache pombe, sinywi. Dada aliyetaja wanafunzi wa ushauri nasaha wanaofanya mazoezi chini ya wakufunzi wao, ubarikiwe, nimewapigia na ni 500 kwa kikao. Ila ni siku za kazi tu, mwisho saa kumi, yaani palepale nilipokwama. Nimewaomba wafikirie Jumamosi jioni, wamesema watanipigia.

Basi naomba hivi. Anayejua mahali panapofunguliwa Jumamosi jioni au Jumapili, upande wa Embakasi, Donholm au South B, chini ya 1,000, aandike hapa wazi: bei, saa, na steji ya kushukia. Aseme pia kama ni kaunsela aliyesajiliwa, maana sheria ya makaunsela na wanasaikolojia ipo tangu 2014 na bado kuna watu wanaojiita hivyo baada ya semina ya wikendi moja. Msiniandikie "njoo inbox". Wako wengi wanaosoma hapa bila kuandika chochote, na bei hiyo wanaihitaji kama mimi.