Naombeni ushauri: wapinzani wanaleta vijeba (wachezaji waliozidi umri) kila wikiendi, na mimi nichomeke wangu?

KatibuMchangani (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Habari zenu wakuu. Jambo hili limenikaa kooni tangu jana, nimeona nililete kwenu kabla sijaamua kwa hasira.

Mimi ni katibu wa timu ya vijana huku Mbagala. Katibu kwa jina tu, maana ndiye mfua jezi, mchora mistari ya uwanja kwa majivu, mbeba ndoo ya maji, na kocha akipata kibarua ninakuwa kocha. Tuna watoto 22, wa miaka 12 hadi 15. Mdhamini hatuna. Kila mtoto anatoa 500 siku ya mechi, asiye nayo anacheza hivyohivyo.

Likizo hii ya Desemba tumeingia kwenye bonanza la timu nane za mitaa jirani. Kiingilio 30,000 kwa timu, mechi Jumamosi na Jumapili saa 10 jioni, bingwa anaondoka na mbuzi na seti ya jezi. Sharti limeandikwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri: wachezaji wasizidi miaka 15.

Jana tumecheza na timu ambayo sitaitaja. Wakuu, beki wao wa kati ana ndevu. Si kivuli cha ndevu, ndevu za kunyoa. Namba sita wao namfahamu kwa sura na kwa bei, anaendesha bodaboda, mwezi uliopita alinibeba mimi na gunia la mkaa. Nikamfuata msimamizi, akaniambia nilete ushahidi. Ushahidi gani tena zaidi ya gunia?

Tumefungwa 5-1. Magoli si kitu. Beki wangu wa kushoto, mtoto wa miaka 13, aligongwa na yule wa bodaboda akaangukia mkono, kifundo kikavimba palepale. Leo amefungwa plasta ngumu. Nilimpeleka kwao mwenyewe. Baba yake hakunigombeza, alikaa kimya tu akiangalia ule mkono, na kimya chake ndicho kilichoninyima usingizi.

Goli letu alifunga straika wangu, kijana mfupi mwenye mbio za ajabu. Tangu amalize kidato cha nne mwezi uliopita hana kazi nyingine ila mazoezi, ndiye tegemeo letu. Lakini mmoja atafanya nini mbele ya mabaunsa?

Sasa wazazi wawili wameshaniambia wanawatoa watoto wao. Kocha anasema dawa ni moja, na sisi tulete vijeba watatu. Anao tayari, wanataka nauli na 5,000 kila mmoja. Jumamosi tuna mechi ya mwisho ya kundi, tukishinda tunaingia nusu fainali. Nichomeke? Nijitoe? Au kuna njia nyingine ambayo mimi siioni?

Mtoto wa Kwa Azizi Ally

Dawa ya moto ni moto. Chomeka, chukua mbuzi, tualike supu.

Kipara Ngoto

Nimeweka kiti hapa, ngoja wataalamu waje.

Mzee wa Jukwaa Kuu

Katibu, pole sana na mpe pole yule mtoto.

Nchi hii imeonja hili jambo pande zote mbili, uchungu wake na utamu wake. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walifuzu kwenda Gambia 2005, fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Tulishaanza kushangilia. Tukaenguliwa kwa kosa la umri, vijana wakabaki nyumbani. Miaka 12 baadaye mambo yakageuka. Congo Brazzaville walitutoa kwenye safari ya kwenda Gabon 2017, tukawa tumeshakata tamaa. Halafu mchezaji wao mmoja akatakiwa aende kupigwa kipimo cha mkono, kile cha MRI, hakutokea. Wakaondolewa wao, tukaenda sisi. Vijana wakatoka sare na Mali waliokuja kuwa mabingwa, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger goli moja tu, basi tukarudi.

Ninachokumbuka zaidi ni hao wa 2005. Yule mwenye umri mkubwa alikuwa mmoja, walioikosa Gambia ni timu nzima. Ukichomeka watatu Jumamosi, fikiria watatu wako watakaokaa benchi kuwapisha. Hao ndio waliotoa 500.

Mtoto wa Kwa Azizi Ally

Mzee naye kila uzi lazima atupeleke Gambia.

MchuaMisuli

Nafanya kazi ya kuchua misuli kwenye timu ya daraja la chini, naomba niseme mawili.

La kwanza, mkono. Mmefanya vizuri kumpeleka hospitali. Nasema hivyo kwa sababu uwanjani kwetu mtoto akiumia kifundo anatokea mtu na mafuta ya nazi anaanza kukandamiza. Msiruhusu. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na kiungo, ndipo inapokulia. Ikiwa pameumia pale halafu mtu anachua, anaweza kuharibu mfupa ambao bado unarefuka. Funga kipande cha ubao au hata gazeti lililokunjwa kama gango, weka barafu juu ya kitambaa, mpeleke. Muuza barafu hakosekani uwanjani.

La pili, msihukumu kwa macho peke yake. Nimeona mtoto wa miaka 13 mwenye sauti ya mwadhini na wa miaka 16 ambaye bado anaonekana wa darasa la tano. Hiki ndicho kipindi ambacho wavulana wanapishana sana. Hata kile kipimo cha MRI kinaangalia mfupa wa kifundo cha mkono umefikia wapi kuungana, hakisomi tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo ndevu ni dalili, si ushahidi. Gunia la mkaa, hapo sina la kusema.

JichoLaKengewa

Mleta mada, nimesoma mara mbili ili nisikuonee. Bonanza ni la wasiozidi miaka 15. Straika wako amemaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Alianza darasa la kwanza na miaka mingapi, minne?

Kipara Ngoto

😂😂 Kimewaka.

Mtoto wa Kwa Azizi Ally

Kumbe mbuzi anataka kuliwa na wote!

KatibuMchangani (Jumapili, saa 5:15 usiku)

JichoLaKengewa umenishika pabaya.

Ana miaka 17. Amekulia kwenye timu hii tangu yuko darasa la nne, alikuwa anaokota mipira. Ni mfupi, hakuna aliyewahi kuuliza, na mimi nikajiambia kwamba huyu si kijeba, huyu ni wetu. Nilipokuwa naandika juu ya yule wa bodaboda sikumfikiria kabisa. Kweli nawaambia.

Endeleeni kunisema, nasoma.

MamaPacha

Kaka Katibu, mimi ni mzazi, na mwanangu anacheza timu ya mtaani Tandika, kwa hiyo nitakusema kama dada yako.

Nyie wanaume mnasumbuka na vyeti. Cheti kinaletwa cha mdogo wake, kinaletwa kilichochapishwa jana, mtendaji ana foleni, mwalimu mkuu yuko likizo. Sisi akina mama tunajua nani kazaliwa lini. Tulikaa benchi moja kliniki. Najua mtoto wa jirani alizaliwa kabla ya wangu kwa sababu mama yake aliniazima kanga ya kubebea. Najua nani alirudia darasa na nani alisogezwa mbele. Mtaani hakuna kijeba asiyejulikana kwa mama yeyote, ila hatuulizwi, tunaitwa siku ya kufua jezi tu.

Chukueni mama mmoja kila timu, wakae meza moja na msimamizi nusu saa kabla ya mpira. Kila mchezaji apite mbele yao ataje jina, na jina la mama yake. Mtaona wenyewe watakavyoanza kupungua kabla hawajafika mezani. Kijana wa miaka 20 hadanganyi mbele ya mama aliyemwogesha.

Na huyo wako wa miaka 17 apite pia.

Refa Mstaafu

Nimepuliza filimbi mchangani miaka mingi, nimekimbizwa mara mbili. Wazo la MamaPacha ni zuri kuliko kanuni nyingi nilizosimamia. Naongezea ya kiutaratibu.

Daftari. Kila timu iandike wachezaji wake wote, na msimamizi awapige picha ya pamoja kwa simu siku hiyohiyo. Likishafungwa, haliongezwi jina. Shida kubwa ya bonanza si kijeba wa siku ya kwanza, ni mamluki anayetokea siku ya nusu fainali akiwa na njumu mpya.

Pingamizi litolewe kabla ya mpira kuanza na nahodha au kiongozi wa timu, liandikwe. Ukilalamika baada ya kufungwa tano hakuna refa atakayekusikiliza, hata mimi nisingekusikiliza.

Na dakika. Mmesema Jumamosi na Jumapili, jua la Desemba. Watoto hao wapewe dakika 30 kila kipindi, na aliyetoka aruhusiwe kurudi. Sheria za soka zinaruhusu hivyo kwa vijana chama kikikubali, na bonanza lenu mnajipangia wenyewe. Mwenye watoto 22 ananufaika zaidi na kanuni hiyo kuliko na vijeba watatu.

Vikinga ugoko ni lazima, si pambo. Asiye navyo akate boksi gumu aweke ndani ya soksi, afadhali hilo kuliko ugoko mtupu.

Otis wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Hii shida ya umri iko huku pia, mkubwa kujifanya mdogo ni kitu ya kila siku.

Nataka tu kuwaambia vile MYSA, chama cha michezo cha vijana, walifanya huku Mathare. Walianza 1987, na kwa ligi yao timu haipati pointi uwanjani peke yake. Mkienda kusafisha mtaa, kuzoa takataka na kufungua mitaro, mnapata pointi zinazoingia kwa jedwali. Sasa jiulize, kijeba wa kulipwa atakuja Jumamosi asubuhi kuzoa taka? Hatakuja. Wale wadogo watakuja, kwa sababu timu ni yao. Sisemi mfanye hivyo wiki hii, lakini msimu ujao mnaweza kufikiria.

Mtoto wa Kwa Azizi Ally

Otis, huku mitaro tunasubiri mvua ifungue yenyewe. Lakini wazo si baya.

JichoLaKengewa

Katibu, sikukusudia kukuaibisha. Swali langu sasa ni hili: huyo kijana utamwambiaje? Maana ukimtoa ghafla naye hana kingine, matokeo ya mtihani hayajatoka, ndiyo hapo anaenda kucheza ndondo, zile mechi za mtaani, kwa nauli na anapotelea huko.

Refa Mstaafu

Mpe kibendera. Nami nilianza hivyohivyo.

KatibuMchangani (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)

Nimelala na maneno yenu. Vijeba wa kocha nimekataa, kocha kanuna. Nitampigia msimamizi wa bonanza leo kuhusu meza ya akina mama. Straika nitaongea naye jioni. Nitaleta mrejesho.

KatibuMchangani (Jumapili iliyofuata, saa 2:05 usiku)

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi.

Msimamizi alicheka nilipomweleza, halafu akasema jaribuni, maana na yeye ana mwanawe timu nyingine. Akina mama wanane walikaa chini ya mwembe, mmoja anakaanga mihogo huku anahoji. MamaPacha, ungekuwepo. Timu ya jirani ilileta wachezaji 16, waliopita mezani 11. Mmoja alitaja jina la mama yake, mama mmoja akasema, "Mama yako mimi namjua, wewe ndiye uliyenifungulia geti nikienda kumpa hongera ya mdogo wako, na mdogo wako huyo hapo kavaa jezi namba nne." Watu walicheka mpaka refa akachelewa kuanza. Yule wa bodaboda hakusogea kabisa, alibaki na abiria wake.

Kwetu aliondoka mmoja, mnamjua. Nilikuwa nimeshaongea naye Jumatatu. Hakukasirika, aliniuliza tu kama jezi namba tisa ataivaa nani, nikamwambia yule mdogo anayecheza kushoto ambaye yeye huwa anamfundisha. Refa wa siku hiyo alikuwa hana mshika kibendera upande wa pili, nikampa yeye kibendera.

Beki wangu alikuja na baba yake, plasta imejaa sahihi za wenzake. Baba akanunua kandoro za maji kwa timu nzima, hakusema neno.

Mechi ilikuwa 2-2 hadi dakika za mwisho. Namba tisa wetu mpya akapokea pasi, akamzunguka kipa, akafunga. Uwanja mzima ulilipuka, mimi nilishatupa ndoo. Nikageuka kuangalia, kibendera kiko juu. Upande wetu. Kashika straika wangu.

Tumetolewa kwa tofauti ya magoli. Mbuzi watamgombea wengine.

Mtoto wa Kwa Azizi Ally

Haiwezekani. Alikuwa ameotea kweli?

KatibuMchangani

Hatua mbili nzima. Nilikuwa sambamba naye, niliona.